Nyumba Njema si Mlango: Ukarabati wa Nyumba Kongwe za Unguja na Maisha ya Leo

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu asipumbazwe na sura ya nje, lakini katika Mji Mkongwe wa Unguja maana yake huonekana hata pasipo fumbo. Mgeni apitaye katika vichochoro vya Shangani, Kiponda au Mkunazini husimama mbele ya mlango wa nakshi, akaustaajabia, akaupiga picha, kisha akaenda zake. Nyuma ya mlango huo huenda kuna watu wanaopika, wanaofua, wanaolea watoto na kuuguza wazee. Huenda pia kuna ndoo za maji zinazopandishwa ghorofani kwa mikono, nyaya za umeme zilizofungwa katika boriti za karne ya 19, na ukuta uliovimba kwa unyevu, ambao kila masika huwatia wakaaji wake hofu.

Insha hii yakusudia kueleza namna nyumba hizo zilivyojengwa, jinsi kila kizazi kilivyozibadilisha, na kwa nini baadhi ya mabadiliko yalizifaa ilhali mengine yaliziangusha. Hoja yetu ni hii: nyumba ya kale haiharibiwi na mtu atakaye maji, umeme na jiko la kisasa; huharibiwa na mtu atakaye vitu hivyo bila ya kuijua nyumba yenyewe. Kwa hiyo kuihifadhi nyumba na kuifanya ikalike si mambo mawili yanayopingana, bali ni kazi moja.

Asili ya nyumba hizi

Ufundi wa kujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa ni wa zamani sana katika mwambao wetu. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yakiwamo yale ya Husuni Kubwa iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, yathibitisha kwamba mafundi wa pwani walikwisha kuumiliki ufundi huo karne nyingi kabla ya mji wa Unguja kutanuka. Nyumba nyingi za mawe tuzionazo Unguja leo ni za karne ya 19, hasa baada ya Seyyid Said bin Sultan kuanza kuishi huko katika miaka ya 1830. Biashara ya karafuu, ya pembe za ndovu na ya watumwa iliwatajirisha watu wachache, nao wakajenga. Waarabu wa Omani walipenda majumba ya ghorofa yenye kuta tupu kwa nje na behewa, yaani ua wa wazi, katikati. Wafanyabiashara wa Kihindi walipendelea nyumba yenye duka mbele chini na makazi nyuma na juu, na roshani za mbao zilizotobolewa kwa ufundi zikining'inia juu ya njia.

Wako wanaouliza: je, yafaa taifa huru lijitaabishe kuhifadhi majumba yaliyojengwa kwa mali ya dhuluma? Swali hili ni la haki, wala halifai kupuuzwa. Lakini tuangalie nani hasa aliyeijenga nyumba. Tajiri alitoa fedha. Mawe yalichimbwa, yakachukuliwa vichwani na kupangwa na watu wengine: mafundi waashi, maseremala, wachoma chokaa, wakata boriti, vibarua na watumwa. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Kazi ya mikono yao ndiyo hati pekee waliyotuachia. Kuibomoa nyumba hiyo hakumwadhibu bwana aliyekwisha kufa zamani. Humfuta mara ya pili yule aliyeijenga.

Mwili wa nyumba

Atakaye kuikarabati nyumba ya kale na aanze kuijua kama tabibu anavyoujua mwili. Ukuta wake una unene wa karibu nusu mita au zaidi. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, kisha ukapigwa lipu ya chokaa ndani na nje. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwa kuni katika tanuu, ikazimwa kwa maji, na ikaachwa kwa muda mrefu ili iive. Fundi mwenye haraka hakuwa fundi.

Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, zilizokatwa katika misitu ya pwani kama ile ya Rufiji na ya Lamu. Boriti iliyonyooka na yenye nguvu ya kutosha haizidi sana urefu wa mita tatu. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa Omani na nchi za Ghuba, na huko nako zikaamua upana wa vyumba. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, kisha humwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto, ukapigiliwa kwa vipande vya mti hadi ushikane. Kupigilia sakafu ilikuwa kazi ya watu wengi pamoja, nayo ilifanywa kwa nyimbo ili mapigo yaende sawa. Kwa maneno mengine, sakafu ya nyumba ya Unguja ilitengenezwa kwa chokaa na kwa mahadhi.

Yako mambo mawili ambayo kila mwanafunzi yampasa kuyakumbuka. La kwanza, ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatema. Unyevu hupanda kutoka ardhini, mvua hupiga kwa nje, na upepo wa bahari huleta chumvi. Lakini kwa kuwa chokaa ina vitundu vidogo visivyoonekana, unyevu huo hupata njia ya kutoka jua linapowaka. La pili, behewa ni pua ya nyumba. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na hewa ya ubaridi huvutwa kutoka vichochoro vyenye kivuli, ikapita vyumbani. Mwenye kuuziba ukuta kwa kitu kisichopitisha unyevu, au kulifunika behewa lote ili apate chumba kimoja zaidi, ameiziba nyumba pumzi.

Kila kizazi kiliongeza chake

Ni kosa kudhani kwamba nyumba hizi zilikaa vile vile tangu siku ya kujengwa hadi zama zetu. Daima zimekuwa zikibadilishwa. Mapaa mengi yalikuwa ya sakafu tambarare, nayo yalivuja katika mvua kubwa za kisiwani. Yalipoingia mabati, watu waliyaezeka juu ya sakafu ile ile, wakapata kivuli na ukavu. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alileta maji ya mfereji mjini kutoka chemchem iliyo nje ya mji, na watu waliozoea maji ya visima wakapata maji karibu na milango yao. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, jumba lililochanganya kuta za matumbawe na nguzo za chuma zilizotoka ng'ambo ya bahari. Jengo hilo, linalotajwa leo kuwa kielelezo cha mji wa kale, lilikuwa la kisasa mno katika siku zake.

Waingereza, waliotangaza himaya yao mwaka 1890, nao walileta mambo yao: ofisi, hospitali, umeme, na mipango miji ya mwaka 1923 na 1958. Mipango hiyo haikuiondoa tofauti kati ya Mji wa mawe na Ng'ambo, walikokaa wengi wa wananchi maskini katika nyumba za udongo na makuti. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na mkono wa bahari uliofukiwa kidogo kidogo. Lakini maji yalipokauka, mpaka ulibaki mioyoni na mifukoni mwa watu.

Kutokana na historia hii twajifunza kwamba swali si kama nyumba ya kale ibadilishwe au isibadilishwe. Swali ni kama badiliko linakubaliana na mwili wa nyumba. Bati liliulinda ukuta usinyeshewe. Kwa hiyo nyumba ililipokea. Tutaona kwamba si kila kilichofuata kilipokewa hivyo.

Baada ya Mapinduzi

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964 yaligeuza hali ya mji. Wengi wa wenye nyumba waliondoka, nyumba nyingi zikataifishwa, na wananchi kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba wakapewa vyumba katika majumba ambayo hapo awali wengi wao hawakuyaingia ila kwa mlango wa kazi. Hilo lilikuwa tendo la haki. Wakati huo huo Serikali ya Mapinduzi ilielekeza nguvu zake katika kujenga makazi mapya, na majumba marefu ya Michenzani, yaliyopangwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, yakasimama katikati ya Ng'ambo. Haistahiki kuulaumu uamuzi huo, kwani watu walihitaji pa kulala.

Lakini nyumba zina sheria zake zisizojali siasa. Jumba lililojengwa kwa ukoo mmoja, lenye jiko moja na choo kimoja au viwili, sasa likawa na familia nyingi. Kila familia ikataka jiko lake, bafu lake na bomba lake, nayo ilikuwa na haki ya kuvitaka. Maji yakapandishwa ghorofani, mahali ambapo sakafu haikuandaliwa kwa maji. Kodi ilikuwa ndogo, na fedha ya matengenezo ikawa haba. Zamani nyumba nyingi zilikuwa za wakfu, na kodi ya duka la chini iliweza kulipia chokaa ya ukuta wa juu. Utaratibu huo ulipodhoofika, hakuna aliyejua kwa hakika ni nani mwenye wajibu wa kuziba tundu la bati. Mpangaji alisema ni Serikali, Serikali ikasema haina fungu, na mvua haikumsubiri yeyote. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta ilitimia, kwani baadhi ya nyumba zilianguka kabisa, na viwanja vyake vikabaki vifusi.

Mwaka 1985 Serikali iliunda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Yafaa kuliangalia jina hilo kwa makini: waliolitunga waliweka uhifadhi na uendelezaji pamoja. Mpango wa uhifadhi ulitayarishwa mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo hakuna orodha iwezayo kuzuia bati kuvuja.

Maji na saruji

Adui wa kwanza wa nyumba hizi ni maji yaliyopotea njia. Bomba lililofukiwa ndani ya ukuta likipasuka, hakuna aonaye. Maji huloweza udongo ulioshikanisha mawe, ukageuka tope, nayo ncha za boriti zilizozama ukutani zikaoza. Ghorofani mtu ataoga miaka kumi bila ya kujua kwamba sakafu anayoikanyaga imebaki kuning'inia. Mara nyingi dalili ya kwanza ni ufa, na dalili ya pili ni kishindo.

Adui wa pili huja kwa sura ya rafiki, naye ni saruji. Mtu huona lipu ya chokaa ikimong'onyoka, akaita fundi, naye fundi akaikwangua na kupiga saruji ngumu yenye kung'aa. Mwaka wa kwanza kila mtu hufurahi. Lakini saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yanayopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, hubaki ndani ya ukuta pamoja na chumvi yake; chumvi hiyo inapokauka na kuganda huyasaga mawe na udongo pole pole. Nje ukuta waonekana mzima, ndani umekuwa unga. Hatimaye lipu yote hubanduka kama ganda, na sehemu ya ukuta hufuatana nayo. Ndivyo ilivyo pia kwa nondo: hewa ya chumvi huishika kutu, kutu huivimbisha, na uvimbe huo huyapasua mawe yanayoizunguka. Dawa iliyotengenezewa nyumba ya matofali ya saruji imekuwa sumu kwa nyumba ya matumbawe.

Namna ya kuikarabati

Basi mtu atakaye kukaa maisha ya leo katika nyumba ya jana afanyeje? Kanuni zake si nyingi, na zote zatokana na yale tuliyokwisha kuyaeleza.

Kwanza, aanze na paa. Hakuna maana ya kupaka rangi chumba ambacho juu yake pana tundu. Mabati yatengenezwe, michirizi isafishwe, na miche iotayo katika nyufa ing'olewe ingali michanga, kwa maana mzizi wa mti hupasua ukuta kuliko nyundo.

Pili, chokaa itengenezwe kwa chokaa. Lipu iliyooza iondolewe, ukuta uachwe ukauke, kisha upigwe chokaa iliyozimwa na kuiva, tabaka baada ya tabaka. Kupaka chokaa nyumba mara kwa mara, jambo ambalo wazee walilifanya hasa karibu na sikukuu, halikuwa pambo tu. Lilikuwa ngozi mpya ya nyumba.

Tatu, maji yawe na njia inayoonekana. Bafu na vyoo vya ghorofa mbalimbali viwekwe kimoja juu ya kingine, na mabomba yapite nje ya ukuta, behewani au nyuma, ili yakivuja yaonekane siku hiyo hiyo. Kadhalika nyaya za umeme zipitishwe katika mirija juu ya lipu, wala ukuta usichimbwe mifereji mirefu kwa ajili yake.

Nne, uzito upimwe. Mwanafunzi wa hesabu ajue kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, mbali na uzito wa tangi lenyewe. Tani hiyo ikiwekwa katikati ya boriti ambazo zimebeba sakafu kwa zaidi ya miaka 100, ni kuzionea. Tangi likae chini na maji yapandishwe kwa pampu, au liwekwe penye ukuta mnene baada ya fundi kuukagua.

Tano, ukuta usibomolewe kwa tamaa ya sebule pana. Tulikwisha kusema kwamba upana wa chumba ni urefu wa boriti. Ukuta ulioko kati ya vyumba viwili ndio unaobeba ncha za boriti za pande zote mbili. Mwenye kuuondoa ameondoa mguu wa meza. Badala yake atumie urefu wa chumba, ambao ni mwingi, na vidaka vya ukutani, ambavyo ni makabati yaliyokwisha kutengenezwa.

Kazi hii yawezekana. Zahanati Kongwe iliyoko karibu na bandari, ambayo tajiri Tharia Topan aliianzisha mwaka 1887, ilikuwa imechakaa vibaya. Katika miaka ya 1990 ilikarabatiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, na roshani zake za mbao zikarudishiwa nakshi zake. Kinyume chake, uchelewaji una gharama. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Tukio hilo latukumbusha kwamba ukarabati si suala la uzuri peke yake. Ni suala la uhai wa watu.

Nyumba na wenyewe

Tangu milango ya biashara na utalii ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, na baadhi ya nyumba za Serikali zilipouzwa kwa watu binafsi, nyumba nyingi zimekarabatiwa kuwa hoteli na maduka ya wageni. Zipo zilizookolewa hivyo, na yatupasa kukiri. Lakini iko hatari ya namna nyingine. Familia ishindwayo kununua chokaa na boriti huuza au huhama. Chumba chake hukodishwa kwa wageni wa usiku mmoja. Shule na msikiti wa mtaa hupungukiwa na watu. Hapo mlango hubaki, umesuguliwa na kutiwa mafuta, na mfaa wake na nakshi zake zote. Lakini nyumba imekwenda. Mji wenye milango mingi mizuri na wenyeji wachache haujahifadhiwa.

Pamoja na wakaaji huhama pia maneno. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya kale alijua behewa ni nini, kidaka ni nini, kupigilia ni kufanyaje, na tofauti ya kizingiti na mwimo. Alilijifunza neno kwa kukigusa kitu chake. Kitu kikiondoka, neno hukaa kwa muda katika kamusi kama mgonjwa kitandani, kisha husahauliwa. Hivyo anayekarabati nyumba hukarabati lugha ya Kiswahili pia, ajapokuwa hakukusudia.

Walimu wa historia, wa hesabu na wa Kiswahili wana nafasi kubwa katika jambo hili. Mahali popote penye nyumba ya zamani, iwe Unguja, Bagamoyo, Pangani au Kilwa Kivinje, wanafunzi wapelekwe na futi ya kupimia na daftari. Wapime unene wa ukuta na upana wa chumba, wahesabu boriti, wawaulize wazee jina la kila sehemu, watazame maji ya mvua yanapita wapi. Watakaporudi darasani watakuwa wameisoma historia isiyopatikana kitabuni, na baadhi yao, tunatumaini, watapenda kuwa mafundi. Hatuna upungufu wa watu wa kuzisifu nyumba zetu za kale. Tuna upungufu wa watu wajuao kuzima chokaa.